Sauti ya Mama na Kifungu cha Kumi na Tisa

Siku Mama alipofariki, juu ya meza ya kukatia kulikuwa na suruali tatu. Mbili zilikuwa tayari, zimepigwa pasi na kukunjwa. Ya tatu ilikuwa imebaki upindo wa mguu mmoja. Mama aliondoka dukani saa nne asubuhi. Alisema kifua kinambana, anapita zahanati mara moja, na asisubiriwe kwa chai. Saa saba simu ikaita. Binti yake aliipokea akiwa na pini tatu mdomoni. Alisikiliza. Kisha akazitoa zile pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo akauliza, "Umesema nini?"

Binti huyo ndiye waliyemwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mwisho. Wiki tatu baada ya mazishi alifungua duka tena. Alifagia, akatia mafuta cherehani, akamaliza ule upindo uliobaki. Wateja walikuja kutoa pole, na wengine walikuja na vitambaa, maana watu hawaachi kuvaa.

Mama alikuwa na namna yake ya kupima. Hakuandika. Alisema mikono yake miwili iko kwenye tepu, na kalamu inataka mkono wa tatu ambao hakujaliwa. Kwa hiyo simu ilikaa juu ya cherehani ikirekodi, na yeye alimzunguka mteja huku akisema. Kila rekodi ilipanda yenyewe mtandaoni, kwenye programu ya kuhifadhi sauti aliyoilipia mwaka hadi mwaka. Miaka tisa alifanya hivyo. Zilikuwa rekodi mia nne na kumi na mbili. Hakuna daftari hata moja.

Tarehe nne ya mwezi, mwalimu wa hesabu aliingia dukani na kitambaa cha kijivu chini ya kwapa.

"Nataka suruali kama ile ya mwaka jana," alisema. "Vipimo vyangu mnavyo."

Kitinda alichukua simu ya Mama. Alipofungua programu, ukurasa mpya ulijaa kwenye kioo. Juu yake iliandikwa: "Tumebadilisha masharti yetu ya matumizi." Chini yake yakafuata maandishi membamba, marefu kama mkeka. Mwisho kabisa kulikuwa na kitufe cha buluu: "Nakubali."

Mwalimu alitazama saa yake. Kitinda akabonyeza.

Sauti ya Mama ikatoka, nzima kama alivyokuwa: "Mwalimu wa hesabu. Urefu arobaini na moja. Nyonga arobaini na mbili. Tumbo... mwalimu, achia pumzi! Shuleni unahesabu wewe, hapa nahesabu mimi. Haya. Arobaini na nne."

Mwalimu alivua miwani. Hakuna aliyekuwa anampima, lakini alisimama wima, amejibana tumbo.

"Pole sana, fundi," alisema mwishowe.

"Tumeshapoa, mwalimu," Kitinda alijibu, akaanza kuchora chaki kwenye kitambaa.

Basi ndivyo alivyofanya kazi. Mteja akija, alifungua rekodi yake, akasikiliza, akakata. Jioni, kabla ya kufunga duka, alisikiliza moja zaidi ambayo haikuwa na kazi yoyote. Hilo hakumwambia mtu.

Wiki mbili baadaye alikuja muuguzi kushonewa gauni. Kitinda alibonyeza rekodi yake. Simu ikaandika: "Faili hili halipatikani." Alibonyeza tena. Jibu lilikuwa lilelile. Alijaribu ya dereva wa lori, ya mpishi wa hospitali, ya mapacha wa duka la dawa. Zote zilikataa. Alikaa kwenye kigoda, akahesabu hadi mwisho. Rekodi za miaka ya mwanzo, mia moja na hamsini na tatu, hazikufunguka.

Alimpima muuguzi upya. Muuguzi alipoondoka, aliandika kwa huduma ya wateja: "Mimi ni mteja wenu wa miaka tisa. Rekodi zangu hazifunguki. Naomba msaada." Chini akaweka jina la Mama.

Jibu lilikuja papo hapo: "Mpendwa mteja, tunathamini sana kuwa nawe." Halikusema kitu kingine. Aliandika mara ya pili na mara ya tatu. Aliambiwa hivyohivyo, neno kwa neno. Mara ya nne ukaja ujumbe tofauti, na huo ulimkata maini: "Mafaili yaliyoharibika yataondolewa kabisa kwenye mitambo yetu mwishoni mwa mwezi ujao."

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa mikono mizito na maneno ya moto. Alipita dukani jioni hiyo akinuka moshi. Kitinda alimwonyesha ujumbe. Kaka aliusoma mara mbili, masikio yakamsimama.

"Wafute sauti ya Mama? Hawa watu wana wazimu! Kesho asubuhi naenda mahakamani. Nitawaburuza mpaka wajute!"

"Utamburuza nani, Kaka? Unawajua hata wanakaa wapi?"

"Watajulikana hukohuko!"

"Nyinyi watoto, mnagombana au mnashona?" sauti iliuliza mlangoni.

Alikuwa Mama Muhuri, jirani wa nyumba ya tatu. Alifanya kazi kwenye masjala ya mahakama miaka ishirini na minane, akipokea kesi za watu na kuzigonga mihuri. Sasa amestaafu. Alikuwa na sketi mkononi.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Sketi hii inanivuka. Tangu nistaafu nimekonda, watu wanadhani naumwa. Kumbe ni kwamba siku hizi siletewi maandazi na mawakili." Aliwaangalia usoni, akaacha kucheka. "Kuna nini?"

Walimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Masharti mmesoma?"

Kaka alicheka kwa uchungu. "Mama, nani anasoma yale?"

"Mimi. Kustaafu kunachosha. Lete simu, Kitinda. Na uniwashie taa, macho haya si ya jana."

Walikaa watatu kwenye meza ya kukatia. Mama Muhuri alisogeza mkasi na chaki pembeni, akaanza kushuka na yale maandishi kwa kidole. Alipita vifungu vya mwanzo bila kusema. Alipofika cha kumi na tisa alisimama.

"Hapa. 'Utatuzi wa migogoro.' Kichwa hiki kila mtu angekitafuta kwanza kabla ya kubonyeza. Yaliyobaki asome akipata nafasi, lakini hiki asikiruke." Akasoma kwa sauti, polepole. "'Mgogoro wowote kati yako na kampuni utaamuliwa na msuluhishi, na si mahakama.'"

"Usuluhishi si jambo zuri?" Kitinda aliuliza. "Si ndiyo kukaa chini na kupatana?"

"Wengi hudhani hivyo. Mpatanishi ndiye anayewakalisha mpatane, na mkikataa mnaondoka. Msuluhishi wa kwenye karatasi hizi ni mwingine. Anasikiliza pande mbili, halafu anaamua yeye, kama hakimu. Uamuzi wake unawafunga. Usipokupendeza, ni shida sana kwenda kuupinga kwingine."

"Kwa hiyo nikienda mahakamani kesho?" Kaka aliuliza.

"Kampuni italeta ukurasa huu na kusema, 'Mheshimiwa, huyu alikubali kwenda kwa msuluhishi.' Mara nyingi mahakama itakwambia uende hukohuko ulikokubali. Nimepokea faili za namna hiyo. Mtu amefunga safari, amelipa ada, amevaa tai. Kabla ya chakula cha mchana yuko nje."

Kaka alishika tama.

"Sisemi usuluhishi ni mtego," Mama Muhuri aliendelea. "Wapo unaowafaa. Humalizika haraka, na mambo yenu hayatangazwi. Shida ni kuingia bila kujua. Angalieni hapa wanasema kikao kitafanyika wapi." Aliwaonyesha. Ulikuwa mji wa mbali, wenye makao makuu ya kampuni. "Na hapa wanasema gharama za msuluhishi zinagawanywaje. Na hapa: 'Hutaungana na watu wengine katika dai moja.' Maana yake, hata kama mpo elfu mmepotelewa na rekodi, kila mtu atalia peke yake."

"Basi tumekwisha," Kaka alisema.

"Wewe ulikuwa mwepesi wa kupiga kelele, sasa umekuwa mwepesi wa kufa moyo. Subiri nimalize." Kidole chake kilishuka mistari minne. "Haya. 'Unaweza kukataa kifungu hiki cha usuluhishi kwa kutuandikia ndani ya siku thelathini tangu ulipokubali masharti haya. Ukikataa, utaendelea kutumia huduma kama kawaida.' Mmesikia? Mlango wa kutokea upo. Wameuweka nyuma ya kabati, lakini upo. Si kila kampuni huweka. Kitinda, ulibonyeza lini?"

Kitinda alifumba macho. "Siku ya suruali ya mwalimu."

"Suruali ya mwalimu si tarehe, mwanangu."

Walitafuta kwenye barua pepe za Mama. Waliukuta ujumbe ambao hakuna aliyeufungua: "Asante kwa kukubali masharti yetu mapya." Tarehe ilikuwa ya nne. Leo ilikuwa ya ishirini na tisa.

"Zimepita siku ishirini na tano," alisema Mama Muhuri. "Tunazo tano. Kesho barua iondoke."

Kitinda alivuta karatasi. Ile ya kukataa kifungu ilikuwa fupi, akaiandika mara moja. Kisha akashusha kalamu chini ya ukurasa ili kuitia saini kwa jina la Mama, kama alivyozoea.

Mama Muhuri alimshika mkono.

"Ngoja. Unaandika kwa jina la nani?"

"La Mama. Akaunti ni yake."

"Na zile jumbe nne ulizowatumia?"

"Zote kwa jina lake."

"Kampuni haijui kuwa amefariki?"

Kaka alimtazama. "Mdogo wangu, hukuwaambia?"

"Niliogopa watafunga akaunti," alisema. Alikuwa akikunja pembe ya kitambaa na kuikunjua. "Wakifunga, zote zitapotea. Na..." Akasita. "Sijawahi kuliandika hilo neno, Kaka. Nimelisema kwa watu. Kuliandika, sijaliandika mahali popote."

Nje, mtu alipita akiendesha mkokoteni wa maji.

"Hofu yako ina maana," Mama Muhuri alisema taratibu. "Kampuni nyingine hufunga. Lakini sikiliza. Barua ikiwa na jina la marehemu, haina mashiko. Siku wakigundua watasema hakuna aliyekataa kifungu, kwa kuwa aliyeandika hakuwepo duniani. Na wewe wataweza kukwambia ulijifanya mtu mwingine. Nani anasimamia mirathi?"

"Mimi," alisema Kaka. "Nina barua ya mahakama nyumbani."

"Basi saini yako ndiyo inayotakiwa. Jina la mama yenu likae mahali pake, kama mwenye akaunti aliyefariki, na nakala ya cheti iambatanishwe."

"Mama," Kaka alisema, macho yamemwangaza, "si tuseme tu kwamba masharti hayana maana? Waliyemkubalisha alikuwa ameshazikwa!"

"Hoja nzuri, na mwanasheria anaweza kuibishania. Kidole kilikuwa cha nani, na kilikuwa na ruhusa gani? Itawachukua muda, na hamjui itaishaje. Kukataa ndani ya siku thelathini hakuhitaji ubishi. Fanyeni la uhakika kwanza, hoja iwekeni akiba."

Aliwaeleza kuwa zinahitajika barua mbili. Ya kwanza ni ya kukataa kifungu cha kumi na tisa. Ya pili ni taarifa ya mgogoro, kwa sababu masharti yalitaka mtu aandike malalamiko yake kwanza na kusubiri siku sitini, kabla ya kwenda kokote. "Humo mseme nini kimetokea, lini, na mnataka nini. Mseme pia wasifute chochote mpaka jambo hili liishe. Msitukane. Fundi wa kuchomelea, unanisikia?"

"Nasikia, mama. Hata neno moja dogo?"

"Hata dogo. Tumeni kwa barua pepe waliyoitaja hapa, si kwenye ule mlango wa kuongea na mashine. Halafu tumeni na kwa posta, kwa rejista, mpewe risiti. Nakala zote mziweke. Na kesho mpitie ofisi ya msaada wa kisheria wawasomee kabla hamjatuma. Mimi nilikuwa karani, si wakili, na sheria hazifanani kila nchi."

Kitinda alichukua karatasi nyingine. Aliandika tarehe na anwani ya kampuni. Akaandika: "Yah: Taarifa ya mgogoro." Kisha kalamu ikasimama.

Kaka alitaka kumsaidia. Mama Muhuri akamtikisia kichwa amwache.

Kitinda aliandika, kwa herufi za kujitenga kama za mtoto wa darasa la kwanza: "Mwenye akaunti hii, ambaye ni mama yetu, alifariki dunia." Alikaa akiitazama sentensi hiyo. Chozi lilidondoka karibu na neno la mwisho, akalifuta kwa pembe ya kitambaa kabla halijafika kwenye wino. Kisha akaongeza tarehe. Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Alieleza kazi ya Mama, kwa nini hakuandika vipimo, rekodi ni ngapi na ngapi hazifunguki. Alieleza jinsi yeye mwenyewe alivyobonyeza "Nakubali" bila kusoma, na jinsi alivyoandika mara nne kwa jina ambalo si lake. Alisema anaomba radhi kwa hilo. Mwisho aliandika: "Tunaomba mzirudishe. Hatuna sauti yake mahali pengine."

Mama Muhuri alizisoma barua zote mbili. Alifuta neno moja, akaongeza koma mbili.

"Ningekuwa bado na muhuri wangu, ningegonga," alisema. "Haya, sasa nipimie sketi yangu. Na uandike kwenye karatasi, usinitie mtandaoni."

Asubuhi kijana mmoja wa ofisi ya msaada wa kisheria alizisoma, akawaambia waongeze namba ya akaunti. Kaka alitia saini. Siku hiyohiyo, ya ishirini na sita tangu Kitinda abonyeze, barua pepe zikaondoka, na bahasha ikapokelewa posta. Kaka aliikunja risiti mara nne, akaitia mfukoni, kisha akaitoa na kumpa dada yake. "Weka wewe. Mfuko wangu una cheche."

Siku za kwanza hakukuwa na jibu. Kitinda aliendelea na kazi. Aliacha kusikiliza rekodi jioni, akihofia kuzichosha, ingawa alijua sauti haichakai kwa kusikilizwa. Siku ya kumi na tisa barua ilikuja. Safari hii haikuanza na "Mpendwa mteja." Aliyeandika alikuwa mtu, ameweka jina na namba ya simu ya idara yake. Alisema anawapa pole. Alithibitisha kwamba wamekataa kifungu cha kumi na tisa ndani ya muda, na kwamba mgogoro ukiendelea wana haki ya kwenda mahakamani. Alisema ufutaji umesimamishwa. Mafundi walikuwa wakihamisha mafaili ya zamani kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine, na mengine yakaharibika njiani. Wangetafuta kwenye nakala za akiba.

Walitafuta kwa wiki mbili. Rekodi mia moja na kumi na mbili zilirudi.

Kitinda alizifungua Jumapili, Kaka akiwa amekaa kwenye kigoda cha wateja. Ya tatu ilikuwa ya sare ya shule. "Kitinda. Simama wima. Bega kumi na nne. Kiuno... usivute pumzi, mtoto wewe, unamdanganya nani? Kesho ukila utafumuka." Kisha kicheko cha msichana, na nyuma yake sauti ya Kaka ya zamani akilalamika kuwa njaa inamuua.

"Kumbe nilikuwepo," Kaka alisema.

"Ulikuwa hukosi kwenye njaa."

Walipakua rekodi zote, wakaziweka kwenye vifaa viwili, kimoja kwa Kaka na kimoja dukani. Akaunti ilihamishiwa kwa jina la Kitinda. Wakati wa kuhama, masharti yalikuja tena na kitufe chake cha buluu. Mteja alikuwa anasubiri. Kitinda alimwambia, "Nipe dakika kumi, kuna kitu nasoma." Alishuka moja kwa moja mpaka kifungu cha migogoro, akakisoma, akaandika kwenye kalenda ya ukutani siku ya mwisho ya kukikataa, ndipo akabonyeza. Barua ya kukikataa aliituma kesho yake, na nakala akaibana pamoja na risiti ya posta.

Mwezi huo majirani wawili walikuja kumwonyesha simu zao, mmoja wa duka la dawa na mwingine anayeuza viatu mtandaoni. Aliwaonyesha pa kutafuta. Walipomuuliza zaidi ya hapo, aliwaelekeza nyumba ya tatu.

Rekodi arobaini na moja hazikupatikana. Kampuni iliandika hivyo kwa maneno ya wazi, na Kitinda na Kaka wakakubaliana kutofika mahakamani, maana hukumu isingezirudisha. Wateja wa rekodi hizo sasa wanapimwa upya, mmoja mmoja, kila anapokuja.